Neno "want" lilivyotaka kutunyang'anya shamba

Naandika haya kwa yeyote mwenye mzazi mwenye kesi ya shamba kortini, manake barua za korti hapa Kenya bado zinakuja kwa Kiingereza cha zamani za mababu, na litakalokuangusha si lile neno gumu. Neno gumu unauliza mtu ama unafungua kamusi. Litakalokuangusha ni lile unalolijua tangu darasa la kwanza, unapita nalo mbio bila kusimama.

Neno lenyewe ni "want". I want water, I want to go home, nani asiyelijua. Want ni kutaka, basi, tukafundishwa hivo na tukaimba hivo.

Sasa mamangu ana kesi ya shamba huku Kilifi. Jirani alisogeza mpaka, alafu alipoulizwa akatoa karatasi anasema kile kipande aliuziwa na marehemu babu. Kesi ikafunguliwa, wakili akapatikana, tukachanga, kesi ikaanza zile za kutajwa tu, leo mensheni kesho mensheni, mara jaji yuko likizo mara upande wa pili hawajaleta majibu. Katikati ya Machi 2020 korona ikaingia, korti zikapunguza kazi, faili letu likalala. Korti zilipofunguka sisi tukajua wakili anaendelea, wakili naye simjui alikuwa anajua nini manake simu ilikuwa inaita mpaka inakata. Simtaji na sina haja ya kumtaja, nia yangu si kugombana na mtu hapa.

Mama akikuuliza kesi iko wapi unamwambia "iko kortini mama, kesi huchukua muda." Kila familia yenye kesi ya shamba inajua hii sentensi.

Siku moja barua ikafika, imepitia kwa chifu, imekunjwa kunjwa. Juu imeandikwa notice to show cause why the suit should not be dismissed for want of prosecution. Tarehe ya kwenda kortini iko pale chini, na ilikuwa karibu sana.

Tukaketi kikao. Mjombangu ni mwalimu mstaafu, Kiingereza chake hakuna wa kukigusa pale kijijini, akaisoma mara ya kwanza akanyamaza, akaisoma tena akatoa hukumu. Akasema korti inakasirika manake inaona mama anataka jirani ashtakiwe, na hii si kesi ya polisi, hii ni kesi ya shamba. Want ni kutaka, prosecution ni mashtaka. Kwa hivo dawa ni kuandika barua ya heshima kumwambia jaji kwamba sisi hatutaki mashtaka yoyote, tunataka shamba letu tu. Nikaingiza ile sentensi kwa programu ya kutafsiri kwenye simu, nayo ikaniletea mambo ya kutaka mashtaka mashtaka hivi, kwa hivo simu na mjomba walikuwa kitu kimoja. Shangazi akasema hata yeye alijua tu, jirani lazima amehonga mtu.

Barua ikaandikwa. Kwa Kiingereza kizuri kabisa, we do not want any prosecution, mama akaweka kidole gumba, nikatumwa mimi niipeleke.

Pale rejistri, ofisi ya mafaili ya korti, nikampata mama mmoja wa makamo, karani, miwani imeshuka puani. Akaisoma barua yetu, akaniangalia, akaisoma tena. Akaniuliza, "Mwanangu, mumechoka na kesi?" Nkamwambia hatujachoka mama, tunataka iendelee. Akasema basi hii usiifaili, ukiifaili hii mumejifungia kesi wenyewe, manake mumemwandikia jaji kwamba hamtaki kesi iendeshwe. Ndio akanieleza: want hapa ni ukosefu. Prosecution hapa ni kuiendesha kesi, kuisukuma mbele, haina uhusiano na polisi. For want of prosecution, yaani kwa kukosa kuendeshwa. Korti inasema faili limelala hamlishughulikii, njooni mtoe sababu ya maana kwa nini tusilifunge.

Nilitoka pale miguu imelegea. Familia nzima, na mwalimu mstaafu ndani, na simu janja, wote tumelisoma neno la herufi nne kinyumenyume.

Sasa nieleze upande wa sheria kwa ufupi alafu nirudi kwa lile neno, manake lile neno ndilo limenishika mpaka leo. Kanuni za mwenendo wa madai za 2010, Oda ya 17 kanuni ya 2, zinasema kesi ikikaa mwaka mmoja bila upande wowote kuchukua hatua, korti inaweza kutoa notisi muje mueleze, na ikiwa maelezo hayakuiridhisha inaweza kuitupa. Kumbuka ni "inaweza", jaji anapima. Kinachotumika kupima ni kesi ya Ivita na Kyumbu iliyoripotiwa 1984, na karibu kila uamuzi wa mambo haya unaitaja: kuchelewa kwenyewe ni kwa muda mrefu na hakuna sababu ya maana? Na hata kama ni kwa muda mrefu, je haki bado inaweza kutendeka licha ya huko kuchelewa? Hizi hukumu zinasomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law, huhitaji kuwa wakili, unahitaji bando na subira.

Tulichofanya, tulibadilisha wakili, kijana tu amemaliza shule juzi lakini anashika simu. Akaandika afidaviti ya mama, yaani maelezo ya kiapo, ikaeleza muda wote kipande kwa kipande, huu ulikuwa wa korona, huu ni wakati mama alilazwa na karatasi za hospitali hizi hapa, huu ni wakati wakili wa kwanza alikuwa hapatikani na meseji tulizomtumia hizi hapa. Hii naisisitiza, usiandike tu "tulichelewa kwa sababu zisizozuilika", jaji ameyasoma hayo maneno mpaka yamemchosha. Kila kipande cha muda kiwe na sababu yake na karatasi yake. Na ukitumiana meseji na wakili usifute, hata kama umekasirika kiasi gani.

Pesa ziliuma. Wakili mpya hakuanza bila malipo ya kwanza, kufungua faili lisomwe kuna ada, kuapa kwa kamishna wa viapo kuna ada, kopi za karatasi zote, nauli ya mama na ya anayemshika mkono. Mbuzi waliuzwa. Na jaji alipokubali kesi isifungwe akatuamuru tulipe upande wa pili gharama za ile siku, alafu akatupa muda maalum tuwe tumeshakamilisha karatasi na kuomba tarehe ya kusikizwa, la sivyo kesi inajifunga yenyewe. Wengine kwenye orodha ya siku hiyo hawakufika kabisa, majina yakaitwa, kimya, faili linafungwa, linaitwa lingine. Sijui wangapi kati yao waliipata barua wakaielewa kama sisi tulivoielewa.

Haya, neno.

Kortini ni kungoja. Unafika saa mbili, jina lako linaitwa saa tano. Ile benchi ndio ilinifanya nianze kusoma historia ya want kwenye simu, manake nilikuwa na hasira nalo, nataka kujua nani aliamua kwamba neno la kutaka liwe ni neno la kukosa.

Nikakuta nimelishika mkia nikadhani ni kichwa. Kukosa ndiyo maana ya kwanza. Kutaka ilikuja baadaye sana.

Neno si la Waingereza wenyewe. Lililetwa na Wanorse, wale mabaharia wa Denmaki na Norwei tunaowasikia kama Waviking. Walianza na uvamizi, monasteri ya Lindisfarne ilivamiwa 793, alafu 865 likaja jeshi kubwa, mwaka uliofuata wakauteka mji wa York, wakauita Jórvík, wakakaa. Walilima, walioa, waliuziana ng'ombe na majirani, na kwa vile lugha zao na Kiingereza cha wakati ule zilikuwa ndugu, maneno yakawa yanavuka tu kama kuku wa jirani. Ndiyo maana walichoacha si maneno ya kifahari, ni ya jikoni na ya kila siku: egg ni lao, knife ni lao, hata they na them ni zao. Window ni vindauga, yaani jicho la upepo, hili lilinifurahisha sana. Na law, sheria, nalo ni lao, maana yake kile kilichowekwa chini, kilichokalishwa. Kwa hivo neno la sheria na neno lililotaka kutumaliza kisheria zilishuka kwa majahazi yale yale.

Kwa Kinorse cha zamani kulikuwa na vanta, kukosa, kupungukiwa. Mpaka leo Waaislandi wanasema mig vantar wakimaanisha ninakosa kitu, ninakihitaji, hawajalibadilisha. Kwenye Kiingereza linaanza kuonekana kwenye maandishi mnamo mwaka 1200 hivi, na maana ni ile ile, kukosa. Lina ndugu aliyekuwa huko Uingereza tangu mwanzo, wane, mwezi unapopungua unasemwa is waning. Na wanton, lile neno la uharibifu wa makusudi usio na haya, ile "wan" ya mbele ni upungufu huo huo na sehemu iliyobaki ni malezi, yaani aliyekosa malezi. Kwetu tunasema hakufunzwa na mamaye.

Karne zikapita want ni kukosa tu. Kutoka kukosa likasogea mpaka kuhitaji, manake unachokikosa mara nyingi unakihitaji, na kutoka kuhitaji likasogea mpaka kutamani, manake unachokihitaji unakitamani. Hiyo maana ya tatu, ya I want chocolate, inaonekana wazi kwenye maandishi kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1700. Kwa neno la umri huu huo ni ujana. Mtaani likaenda na maana mpya, wanasheria na makanisa wakabaki na ile ya kwanza.

Makanisa naam. Biblia ya King James ni ya 1611, kabla maana ya kutamani haijashika. Zaburi ya 23 kule inaanza The Lord is my shepherd, I shall not want. Tukiwa shule ya msingi tulikuwa tunaikariri paredi na kuna mwenzetu aliifasiri kwa kujiamini kabisa, Bwana ni mchungaji wangu, simtaki. Tulicheka lakini hakuna aliyekuwa na tafsiri bora, na mwalimu hakuieleza. Kumbe Kiswahili kilishatoa jibu miaka yote, mamangu anaisoma kila usiku: Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu. Sitapungukiwa! Waliotafsiri Biblia yetu walilijua neno, sisi tuliosoma Kiingereza shuleni ndio hatukulijua. Na ile ya mfalme Belshaza kwenye Danieli, mkono unaandika ukutani, amepimwa kwenye mizani akaonekana amepunguka, kwa Kiingereza ni found wanting. Jaji akiandika kwamba ushahidi wako is found wanting, hazungumzii kutaka hapo, huo ushahidi umepimwa ukapelea.

Ukishaijua hii unaanza kuiona kila mahali. Rais Roosevelt akihutubia bunge la Marekani tarehe 6 Januari 1941 akataja uhuru wa aina nne, mmoja wao ni freedom from want, na maneno hayo ya hofu na want yakaingia kwenye utangulizi wa Azimio la Haki za Binadamu la 1948. Ukiyasoma kwa Kiingereza cha mtaani unadhani wanataka kutukomboa tusiwe na matamanio, kama watawa. Ni uhuru wa kutokosa chakula na makao. Kule Uingereza 1942 ripoti ya Beveridge ilitaja majitu matano ya kupigwa vita na jitu moja linaitwa Want tu hivo, ni ufukara. Sisi tulifundishwa maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, Want ni huyo wa tatu.

Sasa nilipomweleza mjomba haya yote alikataa kata kata. Akasema neno haliwezi kuwa kukosa na kutaka kwa wakati mmoja, lugha si ya wendawazimu. Tukiwa tunabishana hivo mkewe akaonja mchuzi akasema, "Huu wataka chumvi."

Mjomba akanyamaza. Mchuzi hauna moyo wa kutamani chumvi, mchuzi umekosa chumvi. Gari inataka kuoshwa, paa linataka makuti mapya, mtoto huyu anataka kiboko, mtoto gani duniani anataka kiboko! Tunasema kila siku. Kutaka kwetu nako kunabeba upungufu, ila sisi tumetokea upande wa pili, tulianza na kutamani tukafika kwenye kuhitaji, wao wakaanza na kukosa wakafika kwenye kutamani, tumekutana njiani. Na wazee wetu walishaziweka zote mbili kwenye sentensi moja, mtaka yote hukosa yote.

Mwingereza wa Uingereza pia bado ana hiyo ya mchuzi, anasema the house wants painting, nyumba inataka rangi.

Ngoja niongeze hii manake mimi ilinikosesha usingizi. Je Waingereza kabla ya Waviking walisemaje nataka? Walikuwa na willan, ndiyo will ya leo. I will ilikuwa nataka, nia yangu ni, alafu polepole ikachakaa ikawa alama tu ya wakati ujao, I will go, nitaenda. Na sisi je, hiyo "ta" ya nitaenda imetoka wapi? Imetoka kwenye taka. Nataka kwenda, ikafupika fupika ikawa nitakwenda, nitaenda. Ushahidi bado uko mdomoni mwako, ukisema atakayekuja, nitakaporudi, hiyo "taka" iko nzima haijakatwa. Na bado tunasema mvua yataka kunyesha, mvua nayo imetamani nini. Watu wawili wasiojuana, mmoja kisiwani kule kwa baridi na mwingine huku Pwani, kila mmoja amechukua neno lake la kutaka akalifanya kesho. Nikimwambia mtu hii ananiuliza nauza nini.

Maneno mengine ya kutamani nayo yana historia zao. Desire ni ya Kifaransa, iliingia baada ya wale Wanormani kutoka Ufaransa kutwaa Uingereza 1066, na mzizi wake ni Kilatini desiderare, ambako wengi wanaona neno la nyota limejificha ndani. Lust, ambayo leo ni tamaa ya mwili, zamani haikuwa na aibu yoyote, ilikuwa raha tu, Wajerumani mpaka sasa wanasema wana Lust ya aiskrimu na hakuna anayewaangalia vibaya. Na crave ndio kabisa neno la kesi, lilikuwa kudai kwa haki, kudai kisheria. Leo ni la mtu mwenye hamu ya chipsi ama mama mjamzito anayetaka udongo, lakini wakili wetu kijana bado anaandika kwenye karatasi zake the plaintiff craves leave, anaomba ruhusa. Mama nikamsomea hiyo akauliza, "Mimi nina hamu ya likizo?" Manake leave naye anamjua kama likizo.

Nirudi kwa wenye kesi. Kesi yetu yenyewe ilikuwa na want nyingine ndani tuliyoipita bila kuiona. Wakili wa kwanza alikuwa ameandika tangu mwanzo kwamba mauzo ya jirani ni batili for want of consent. Shamba la kilimo likiuzwa lazima kuwe na kibali cha bodi ya ardhi, ile Land Control Board, na ombi la kibali linatakiwa lipelekwe ndani ya miezi sita ya makubaliano. Ile karatasi ya jirani haina kibali. Mjomba alikuwa amesoma hiyo hoja miaka yote kama kwamba jirani anataka kibali, kwa hivo akawa anatuonya tukae macho tusimpe! Kumbe ndiyo nguvu yetu kubwa, mauzo yamekosa kibali. Ukiwa na kesi, ujue hoja yako mwenyewe, omba wakili akueleze kwa lugha yako hata kama anaharakisha, umemlipa.

Nyingine utakayokutana nayo ni want of jurisdiction, korti haina mamlaka ya kusikiza hilo jambo. Hii usiichukulie kama tekinikaliti ndogo, kuna uamuzi maarufu wa 1989 wa meli ya Lillian S ambapo jaji Nyarangi alisema mamlaka ndiyo kila kitu, korti ikikosa mamlaka haiendi hata hatua moja. Kesi ya shamba ukiipeleka korti isiyostahili utalipa, utangoja, alafu utaambiwa want of jurisdiction urudi mwanzo. Want of merit, ombi lako halina uzito. Want of authority, aliyesaini hakuwa na idhini. Wanted peke yake, hiyo ya polisi, ni ya kutafutwa, usiichanganye.

Njia yangu ya haraka, na ndiyo namwambia kila mtu: ukiona want imefuatwa na of, isome kukosa. Want of, kwa kukosa. Jaribu kuweka lack mahali pake, sentensi ikikaa vizuri basi umeipata. Kama want imefuatwa na to, I want to, hiyo ni kutaka ya kawaida. Na kwenye kamusi usichukue maana ya kwanza ukafunga, teremka mpaka chini kule wanakoandika rasmi ama ya kizamani, korti inaishi huko chini. Hizi programu za simu zinafaa kwa kuagiza chakula, barua ya korti mpelekee binadamu.

Na barua ikifika angalia tarehe kwanza kabla hujaanza kubishana kuhusu maana. Sisi tulitumia siku nzuri nzima kwenye kikao na muda ulikuwa unakwenda. Nenda rejistri na namba ya kesi, omba kuona faili, utajua hatua ya mwisho ilikuwa lini na nani aliichukua. Makarani wengi watakueleza ukiwaendea kwa adabu, yule mama sikumlipa hata shilingi, salamu tu na heshima. Kama wakili wako amepotea usingoje ajitokeze, unaweza kuweka mwingine ama ukajiwakilisha mwenyewe, kuna karatasi ya kuijulisha korti hilo. Na kama ulichelewa na kesi imeshafungwa, kuna ombi la kuirudisha lakini harakisha, kila siku unayokaa utaulizwa ulikuwa unafanya nini. Mashamba nayo yana ukomo, miaka 12 tangu haki yako ivunjwe, kwa hivo kufungua kesi mpya si jambo la kulitegemea.

Katiba ya 2010 kifungu cha 7 inasema Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi. Wenzetu Tanzania 2021 walibadilisha sheria Kiswahili kiwe ndicho lugha ya korti zao. Mimi siombi makubwa hivo, naomba tu ile notisi ya ukurasa mmoja iwe na Kiswahili upande wa nyuma. Kwa kukosa kuendeshwa. Maneno matatu, yule mama wa rejistri aliyatoa kichwani akiwa amesimama.

Kesi yetu sasa ina tarehe ya kusikizwa na surveya ameitwa aje apime mpaka, bei aliyotaja imefanya mjomba aanze kusema labda tuelewane na jirani nje ya korti. Mama hataki kusikia.